Manyoya ya Watachoka

Kipande cha sabuni ndicho kilichomfanya Getruda aanze kumshuku Kasmiri.

Ulikuwa mwaka ule maduka yalipoanza kujaa tena. Kabla ya hapo watu wa Makoko walikuwa wakifulia majani ya mpapai na kupanga foleni ya sukari tangu alfajiri. Sasa Kasmiri, ambaye zamani alikuwa mvuvi kama wenzake, alikuwa na duka lenye mlango wa chuma, rafu za sabuni, betri na nguo za mitumba, na gari dogo la mizigo la kupelekea sangara Mwanza. Hakuwa mtu wa kutoa kitu bure. Mtoto akitumwa kiberiti bila fedha, alirudishwa na mikono mitupu na salamu kwa mama yake.

Alikuwa pia na mbwa. Duka lilipovunjwa mara ya kwanza alimleta mbwa mwekundu, mnene wa shingo, akamwita Watachoka. Watu wa Makoko walijua jina la mbwa halitungwi kwa ajili ya mbwa, hutungwa kwa ajili ya majirani. Getruda, ambaye nyumba yake ilitazamana na ua wa Kasmiri, alilisikia jina hilo likiitwa kila asubuhi na kila asubuhi alijiuliza ni nani anayeambiwa.

Jumamosi moja alasiri Getruda alikuwa akianua dagaa juu ya mawe ya ufukweni. Mume wake, Masatu, alikuwa kambi ya wavuvi visiwani na asingerudi mpaka mwezi uishe. Binti yao Benedikta, aliyekuwa darasa la kwanza, alisimama na fimbo kuwafukuza kunguru. Mbwa mwekundu akatokea nyuma ya mawe. Alikimbia kichwa chini, akapita katikati ya dagaa waliotandazwa, akamng'ata mtoto mguuni, akaendelea kukimbia kana kwamba hakufanya kitu.

Getruda alimbeba mtoto mpaka dukani kwa Kasmiri, maana ndiko kulikokuwa na sabuni na nyumbani kwake hakukuwa nayo. Kasmiri alikuwa amesimama mlangoni. Kabla hajaulizwa alinyoosha mkono nyuma, akachukua kipande kizima cha sabuni na kumpa.

"Chukua tu, shemeji," alisema. "Mkoshe kidonda vizuri, maji mengi."

Getruda alishukuru na kukimbia nyumbani. Alikuwa ameshamwaga ndoo ya pili juu ya mguu wa mtoto ndipo mkono wake uliposimama. Damu ilikuwa imefunikwa na kanga. Hakuwa amemwambia Kasmiri kwamba mtoto ana kidonda.

Jioni alirudi. Kasmiri alikuwa akimpimia mtu mafuta ya taa.

"Shemeji, Watachoka yuko wapi?"

"Amefungwa nyuma. Yule hatokagi mchana."

"Nimwone."

"Umwone nini, na wewe unajua alivyo mkali? Akikung'ata na wewe utanishitaki." Aliyekuwa akinunua mafuta alicheka. Kasmiri hakucheka.

Siku ya Jumapili, baada ya misa ya kwanza, Getruda alimpeleka mtoto hospitali. Muuguzi alikitazama kidonda, akasifu kwamba kimeoshwa, kisha akauliza swali moja tu: mbwa ni wa nani?

"Nadhani namjua mwenyewe."

"Usidhani, mama. Mwambie amfunge mahali, ampe chakula na maji. Mbwa mwenye kichaa hamalizi siku kumi. Akizimaliza akiwa mzima, mtoto wako hana neno. Akifa, au asipoonekana, mtoto achomwe sindano za tumboni, na zianze mapema. Hapa kwetu zimekwisha. Bunda nasikia zimebaki chache, wanawapa wale tu ambao habari ya mbwa wao inajulikana." Kisha akashusha sauti kwa sababu ya mtoto. "Ugonjwa ukishaanza hakuna dawa. Hilo ulijue."

Getruda alilijua. Makoko nzima ilimkumbuka Ngolo, mpiga kasia, aliyeng'atwa mkono akapuuza. Alikufa akiwa amefungwa kwa kamba za nyavu, akipiga kelele kila alipoonyeshwa kikombe cha maji, mtu aliyeishi maisha yake yote juu ya ziwa.

Alitoka hospitali moja kwa moja mpaka ua wa Kasmiri. Ua ulikuwa umefagiwa na kumwagiwa maji, kitu ambacho hakuwahi kukiona siku ya Jumapili. Mnyororo ulikuwa chini, mtupu. Bakuli la mbwa lilikuwa limejaa ugali uliokauka juu.

"Amepotea," Kasmiri alisema kutoka dirishani. "Tangu Ijumaa."

"Jana uliniambia amefungwa."

"Niliambiwa amefungwa, na mimi nikakuambia hivyo. Shemeji, mbwa wekundu wako wangapi Makoko? Hata nyumbani kwa katekista yuko mmoja. Nenda kule ukamwulize katekista kama amemng'ata mtoto wako."

"Wa katekista ni kizee, hana meno."

"Basi umeshafanya upelelezi. Endelea."

Getruda alirudi nyumbani akiwaza juu ya mambo mawili. La kwanza ni ule ugali. La pili ni dagaa wake. Miaka yote aliyoanika dagaa, vita yake na mbwa ilikuwa moja: kuwazuia wasile. Mbwa aliyeshiba hula dagaa, mbwa mwenye njaa hula dagaa, mbwa anayepigwa mawe hula dagaa huku akipigwa. Yule alipita juu ya dagaa waliotandazwa na hakuinamisha pua.

Alikumbuka pia siku bwana mifugo, Magige, alipokuja na sanduku lake sokoni, akatangaza kwamba kila mwenye mbwa amlete achanjwe bila malipo. Walikwenda wachache. Kasmiri alisimama mlangoni pa duka akawaambia watu: "Mbwa akichomwa sindano anapoa. Anakuwa kama kondoo. Mimi nilinunua mbwa, sikununua kondoo." Watu waliona ni maneno ya akili, na wengi wakawarudisha mbwa wao nyumbani. Getruda mwenyewe alikuwa ameitikia kwa kichwa.

Mama mkwe wake, bibi Tereza, alikaa kitandani na kumkanda mjukuu wake mgongo. "Manyoya hayajaja?" aliuliza.

"Hayajaja, mama."

"Basi mbwa si wake, au yeye si mtu."

Desturi ilikuwa ya zamani na kila nyumba ya Makoko iliifuata. Mbwa wako akimng'ata mtu, unakata manyoya yake kidogo, unayapeleka wewe mwenyewe kwa aliyeng'atwa, yanachomwa na majivu yake yanapakwa kidonda. Getruda hakuamini tena kwamba majivu yanaponya. Lakini alijua kitu kingine ambacho manyoya yalifanya: aliyeyaleta alikuwa amekiri. Hakuna mtu aliyeleta manyoya kisha akasimama mbele ya wazee akasema mbwa si wangu.

Siku ya Jumatatu, jua likielekea kuzama, mlango wa jikoni ulisukumwa. Alikuwa Jenoveva, mke wa Kasmiri. Alipita nyuma ya nyumba, kwenye migomba, njia ambayo mgeni mwema haipiti. Alifungua pindo la kanga yake na kutoa kifurushi cha karatasi ya sukari. Ndani mlikuwa na manyoya mekundu.

"Mama Bene, nimeleta," alisema. "Msiseme kwamba nimeleta."

Bibi Tereza aliyachukua, akayanusa, akayaweka juu ya paja lake. "Ungemtuma mumeo, mwanangu. Hii si kazi ya mwanamke kupitia migombani."

"Mume wangu hajui."

Getruda hakuyagusa. Aliyatazama tu. Yalikuwa yamekatwa vizuri, kwa mkasi, yote urefu mmoja. Mawazo mabaya yalimjia moja baada ya jingine. Huenda mbwa ameshakufa na manyoya yamekatwa kwa mzoga. Huenda ni ya mbwa mwingine kabisa, na Kasmiri ndiye aliyemtuma mkewe ili wanyamaze. Huenda amekuja kuona kama mtoto ameanza kuumwa.

"Kasmiri anasema mbwa amepotea tangu Ijumaa," alisema. "Wewe haya umeyapata wapi?"

"Jana alfajiri. Alipokuwa anatafuta turubai la kumfunikia kwenye gari."

"Mbwa yule nani anaweza kumkata manyoya?"

"Mimi ndiye nampaga ugali. Ananijua. Nilimkata hapa, chini ya sikio."

"Na kidole hicho?"

Jenoveva alikuwa amefunga kidole cha shahada kwa kitambaa cheusi. Aliuingiza mkono ndani ya kanga. "Nilijikata nikipasua sangara."

"Gari lilimpeleka wapi?"

Jenoveva alimtazama bibi Tereza, akaona hapo hakuna msaada. "Nyamuswa. Kwa kaka yangu Burito."

"Anakula?"

"Sijui, Mama Bene. Kweli sijui."

"Basi kesho twende wote, tukamwone anakula."

Jenoveva aliichungulia njia ya migombani. Kisha akasema atamwambia mumewe kwamba mama yake mzazi anaumwa. Alilisema haraka, kama mtu aliyezoea kutafuta la kusema, na Getruda akaliweka hilo nalo moyoni. Manyoya bibi Tereza aliyafungia katika kibweta chake. Hayakuchomwa.

Usiku ule Getruda alipiga magoti pembeni mwa kitanda. Alizoea kusali kwa mpangilio, kwanza shukrani, halafu toba, halafu maombi ya mumewe aliye majini. Safari hii mpangilio ulimkimbia. "Mungu wangu," alisema, "nionyeshe yule mbwa. Sikuombi kingine. Na usiniache nimhukumu mtu kabla sijaona." Alipofika kwenye sentensi ya pili alijua ameshamhukumu.

Asubuhi Getruda, Jenoveva na mtoto waliondoka na lori la pamba lililokuwa likirudi tupu, wakashuka Butiama kusubiri gari la kwenda Nyamuswa. Walikaa kwenye kibaraza cha duka. Getruda alimimina maji kutoka kwenye chupa, akampa mtoto kikombe.

"Sitaki maji," Benedikta alisema, akageuza uso.

Mama yake alikisogeza kikombe tena. "Kunywa kidogo."

"Sitaki."

"Kwa nini hutaki, mwanangu? Koo linauma?"

"Nataka soda. Ile pale." Alionyesha kreti dukani.

Jenoveva alicheka, mara ya kwanza tangu waondoke. Getruda hakuweza kucheka. Alinunua soda, akakaa akilitazama koo la mtoto likipanda na kushuka mpaka chupa ikaisha. Aligeuka akaona kwamba Jenoveva naye alikuwa akilitazama.

Boma la Burito lilikuwa juu kidogo ya senta ya Nyamuswa, lenye zizi kubwa la ng'ombe lililozungushiwa miti na miiba. Burito alikuwa mtu mrefu, mchangamfu, mwenye maneno. Alimpokea dada yake, akamshika mtoto kichwa, akaagiza uji. Alipoelezwa walichojia, alionekana kama mtu aliyekuwa akiwangoja.

"Mbwa wa shemeji? Yupo. Anakula kuliko mimi. Njooni mmwone wenyewe, mama, msije mkasema Burito alisema."

Chini ya mchongoma kulikuwa na mbwa mwekundu amefungwa kwa kamba ya katani. Aliwaona, akasimama, akatikisa mkia. Burito alimtupia ukoko wa ugali naye akaudaka hewani.

"Kichaa gani hicho?" Burito alisema. "Hata mimi ningekuwa na kichaa cha kula hivyo ningeshukuru."

Getruda hakuwa akimtazama mbwa. Alikuwa akiutazama uso wa Jenoveva, na uso ule ulikuwa umeganda.

"Ndiye?" Getruda aliuliza.

Jenoveva alimtazama kaka yake, na kaka yake alikuwa akitazama ng'ombe.

"Jenoveva. Ndiye?"

"Mama, mbwa wote wekundu wanafanana," Burito alisema.

Getruda alimwachia Jenoveva mtoto. Alimwendea mbwa taratibu, akiita kwa sauti ya chini, "Watachoka, Watachoka." Mbwa alitikisa mkia kama ambavyo angeutikisa kwa jina lolote. Getruda aliinama, akaweka mkono shingoni pake. Alipapasa chini ya sikio la kulia, kisha la kushoto. Alipapasa shingo yote mpaka mabegani. Manyoya yalikuwa yamejaa pande zote, hayajaguswa na mkasi.

Alisimama. "Dada yako alimkata manyoya chini ya sikio juzi alfajiri. Huyu hajakatwa."

"Manyoya yanaotaga," Burito alisema.

"Kwa siku mbili?"

Ng'ombe walisikika wakicheua. Burito alijikuna shingo.

"Kaka," Jenoveva alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Watachoka yuko wapi?"

"Dada, mume wako aliniambia..."

"Najua alivyokuambia. Nakuuliza mimi. Yuko wapi?"

Burito alikaa chini juu ya gogo. "Nilimfukia," alisema. "Jana. Alikata kamba, akaja kung'ata miti ya zizi, anaing'ata tu, mate yanamtoka kama uji. Nilimwekea maji hakuyagusa. Nilimpiga kwa rungu, nikamvuta kwa mti mpaka shimoni. Sikumgusa kwa mkono, hilo naliapia. Mumeo aliponiletea alisema, akifa usiseme, na wakija watu waonyeshe huyu. Nikadhani ni mambo ya fidia. Sikujua kwamba ni mtoto mdogo hivi."

Kwa hiyo Kasmiri alijua. Alijua siku anatoa sabuni, alijua alipomwaga maji uani, alijua alipomtaja katekista. Getruda alihisi hasira ikimpanda hadi machoni, akaomba kimya isimtoke mdomoni, maana mtoto alikuwa akisikiliza.

Ndipo aliposikia kitambaa kikichanika. Jenoveva alikuwa akifungua kidole chake. Chini ya kitambaa hakukuwa na mkato wa kisu. Kulikuwa na matundu mawili, yamevimba pembeni, na moja lilikuwa halijafunga.

"Alinigeukia nilipomkata," alisema. "Hajawahi kunigeukia. Nikasema ni kwa sababu ya mkasi." Alikiinua kidole kama kitu kisicho chake. "Kasmiri nilimwambia ni sangara. Angeniuliza manyoya ni ya nini."

Burito aliinuka akaenda kutafuta gari.

Hospitali ya Bunda walimkuta mganga mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, mtu asiye na haraka. Aliwasikiliza wote, akamhoji Burito juu ya mate na juu ya maji, kisha akamwambia asiuze wala asichinje ndama yeyote mpaka bwana mifugo afike. Aliingia ndani, akakaa kitambo, akatoka.

"Dawa iliyopo," alisema, "inatosha mtu mmoja kumaliza. Au wawili kuanza na kufika katikati. Kuanza bila kumaliza ni sawa na kutokuanza. Mwanza siku hizi ipo kwenye maduka ya dawa ya watu binafsi, lakini lazima mtu aende, na irudi ndani ya barafu. Nani ataenda?"

Wote walijua ni nani mwenye gari, mwenye barafu, na mwenye watu Mwanza.

"Mtoto aanze," Jenoveva alisema. "Mtoto ndiye aliyeng'atwa kwanza. Mimi nitangoja mume wangu alete."

Lilikuwa neno jema, na Getruda alitaka kulipokea. Angelipokea, mtoto wake angemaliza sindano zake zote bila kumtegemea binadamu yeyote. Jenoveva angekaa kwenye benchi akingoja mtu aliyekwisha kudanganya mara tatu. Getruda alimtazama mwanamke yule aliyekuja kupitia migombani. Kama asingekuja na manyoya, wao wangekuwa bado Makoko wakingoja mbwa aliyepotea.

Lakini lilikuwepo jingine, na Getruda hakutaka kujificha mbele ya Mungu kana kwamba halipo. Ikiwa mtoto amechomwa zote, Kasmiri ataletewa habari gani? Kwamba mtoto wa jirani amepona, mambo yamekwisha. Na mkewe? Mtu aliyezoea kusema "amepotea" anaweza kujiambia kwamba kidole ni sangara. Bali akisikia mkewe ameshaanza, na siku fulani dawa itakatika tumboni mwake na tumboni mwa mtoto pamoja, ataendesha gari. Getruda alimshuku Kasmiri katika kila kitu isipokuwa hicho kimoja: alikuwa amemwona mara nyingi akimbebea Jenoveva ndoo ya maji akidhani watu hawaoni.

"Waanze wote wawili," alisema.

Mganga alimtazama juu ya miwani. "Mama, umenielewa? Ni mtoto wako."

"Nimekuelewa."

"Mama Bene," Jenoveva alisema, "usifanye hivyo kwa ajili yangu."

"Sifanyi kwa ajili yako tu," Getruda alijibu, na huo ndio ulikuwa ukweli.

Burito alipewa kazi ya kwenda Makoko kumweleza shemeji yake uso kwa uso. Aliondoka bila utani wowote.

Siku zilizofuata Getruda hakuweza kukumbuka mpangilio wake. Kila asubuhi sindano, kila asubuhi Benedikta alilia kabla haijaingia na kunyamaza ikishaingia. Jenoveva alilala kitanda cha jirani, akijikunja upande. Hawakuongea sana. Usiku mmoja wa joto Jenoveva aliomba maji, akanywa nusu, akakohoa. Wote wawili waliganda, kikombe kikiwa kati yao. Kisha akamalizia nusu iliyobaki.

Burito alirudi kutoka Makoko bila Kasmiri. "Hayupo," Burito alisema. "Duka limefungwa. Nilimwambia kila kitu, akaniuliza kidole gani, nikamwonyesha, akaingia ndani. Nilipoamka gari lake halikuwepo. Hakuniaga."

"Amekwenda Mwanza," Jenoveva alisema.

"Sijui, dada. Majirani wanasema amekimbia. Kuna watu wanataka kuvunja duka."

Getruda alishika rozari ndani ya mfuko wa gauni, akaizungusha mpaka vidole vikauma. Alikuwa ameweka maisha ya mwanawe juu ya kitu kimoja alichodhani anakijua kuhusu mtu asiyemwamini. Mganga alipokuja asubuhi iliyofuata alisema kwa upole kwamba sindano za kesho ndizo za mwisho.

Kasmiri alifika mchana huo, mganga akiwa bado wodini. Aliingia akiwa amekumbatia sanduku la barafu la sangara, shati limelowa kifuani, akinuka samaki. Mganga alilipokea sanduku, akalifungua, akahesabu kimya, akasema, "Zinatosha," akaondoka nalo.

Kasmiri alisimama kati ya vitanda viwili. Alimtazama mkewe, kisha mkono wake, kisha akakosa pa kutazama. Mwishowe alimgeukia Getruda.

"Shemeji, mbwa ni wangu," alisema.

"Najua."

"Aliacha kula Alhamisi. Nilidhani amelishwa kitu na wezi. Jumamosi akakata mnyororo. Nilipoona umembeba mtoto..."

"Usiniambie mimi," Getruda alisema. "Mimi ninajua. Alikimbia kutoka kwako mpaka mawe, na kutoka mawe hadi alipokamatwa. Njiani alikutana na mbwa wangapi? Na watoto wangapi ambao mama zao hawakuona? Rudi Makoko ukaseme. Nyumba kwa nyumba. Useme ni wa kwako, ili watu wajue cha kutazama."

"Watanipiga," Kasmiri alisema.

"Labda."

Alikwenda. Hawakumpiga, au walimpiga kidogo. Bibi Tereza alieleza baadaye kwamba alipita hodi hodi, kofia mkononi, na watu walitoka milangoni kumsikiliza kama wanaosikiliza tangazo la msiba. Mbwa wa katekista na wengine kadhaa walifungwa. Magige alipokuja tena na sanduku lake foleni ilifika barabarani. Kibweta cha bibi kilifunguliwa, na manyoya yale yakatupwa chooni.

Benedikta alirudi shuleni. Lakini mganga alikuwa amewaambia kwamba ugonjwa ule huweza kuchelewa, kwamba sindano zikikamilika hakuna sababu ya hofu, na kwamba hata hivyo wawe macho. Getruda alishika la mwisho kuliko yote. Kila asubuhi alimpa mtoto kikombe cha maji kabla ya uji, akakaa mbele yake.

Asubuhi ya kwanza baada ya kurudi Makoko, Jenoveva alikuja. Hakupitia migombani, alipita mlango wa mbele.

"Hodi. Naomba maji, Mama Bene."

Kwake kulikuwa na mtungi umejaa, na ziwa lilikuwa hatua chache chini ya nyumba. Getruda hakuuliza. Alichota kikombe cha pili. Jenoveva alikaa kwenye kigoda kando ya mtoto, wakanywa pamoja, na Getruda akayatazama makoo mawili, la kwanza kisha la pili, mpaka vikombe vilipogeuzwa juu chini. Kesho yake alikuja tena, na kesho kutwa, mpaka mvua za masika zikanyesha na kuisha.

Wakati mwingine Getruda alipoinua macho aliona kwamba Kasmiri alikuwa amesimama kwenye ua wake, penye mnyororo mtupu, akitazama upande ule. Alisubiri mpaka mkewe arudishe kikombe. Kisha aliingia ndani kufungua duka.